Skonzi za Mzee Nisiyetakiwa Kumwona

Ilomba, Mbeya. Jumamosi, Juni 1956

Baridi haijapungua tangu asubuhi. Ukungu umeufunika mlima Loleza kutwa nzima, na sasa jua likielekea kuzama umeshuka mpaka kwenye mabua ya mahindi nyuma ya nyumba yetu. Nguo nilizoanika jana bado mbichi. Mikono yangu inanuka hamira.

Nina skonzi sufuriani, za pili kwa siku ya leo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, mgongo nimeuegemeza ukutani kwa sababu unauma, na kila mara naacha kalamu ninuse kama zinaungua. Asajile akirudi kutoka hospitali azikute tayari, azipeleke. Na mimi akirudi anikute nimeamua kama nimwambie au nisimwambie.

Ninaogopa. Niliseme hilo kwanza, mengine yafuate.

Asajile ni mume wangu, fundi magari kwenye gereji ya Mhindi mmoja pale mjini. Ni Mnyakyusa wa Rungwe. Mimi ni Mhehe wa Kalenga, Iringa, Mkatoliki niliyebatizwa ningali mchanga, na kuoka nilifundishwa na masista. Tulipooana watu wa kwetu walisema nimeolewa mbali. Nikawacheka. Mbali ni wapi, nikawauliza, basi linatoka Mbeya, linapita Igawa, linapita Nyololo, ukisinzia kidogo umefika kwa mama. Nilikuwa sijui kitu.

Kwa Wanyakyusa mkamwana hamwoni baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, hakai naye chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mwanamke anajifunika nguo kichwani na kuingia vichakani mpaka mzee apite, na mzee naye anageuza uso upande mwingine. Si ugomvi, ni heshima. Kwetu ni kinyume kabisa. Kwetu baba wa mume akitokea unashuka magoti, unamwamkia "kamwene", na ukipita kimya umemtukana yeye na ukoo wake wote. Nilichukua muda mrefu kuzoea kumheshimu mtu kwa kumkimbia. Lakini nilizoea. Tangu niolewe sikuwahi kumwona hata kisogo, na jina lake siliandiki hata hapa.

Mimba niliyonayo ni ya pili. Ya kwanza iliharibika mwaka jana wakati wa mvua, ikiwa imeshaanza kuonekana. Mama mkwe alikuja kunihudumia, akanikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji, mikono yake ilikuwa na huruma kuliko ya mtu yeyote. Halafu siku ya kuondoka akaniinamia sikioni akaniuliza, kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, ulimwona wapi?"

Nikamwapia kwamba sikumwona. Kisha akanieleza, bila ukali, kama mtu anayemwelekeza mgeni kisima kilipo. Mwanamke akimwona baba mkwe wake uso kwa uso, tumbo halishiki mtoto. Na dawa yake haiko kwa mganga wala kanisani. Mzee mwenyewe lazima aseme, kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba hana neno moyoni juu ya mwanamke huyo. Mtu mwingine hawezi kumsemea.

Padri nilipomweleza alisema hayo ni mambo ya kizamani, nisali, nile vizuri, nisibebe maji. Nilimkubalia. Najiona mtu niliyesoma kidogo, sitishwi na maneno. Lakini tangu mimba hii iingie, kila nikisikia mguu wa mwanamume mzee njiani najikuta nimeshika khanga yangu tayari kujifunika, hata kama ni mzee wa Kisafwa anayeuza viazi.

Basi jana mzee akaja.

Amekuwa akiumwa kichwa tangu Pasaka, na mkono wa kushoto unamfa ganzi, kikombe kinamponyoka. Asajile akaagiza aletwe aonwe na bwana mganga wa hospitali ya serikali siku ya Jumatatu. Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko la nje. Tukapanga vizuri. Mzee alale chumba cha mbele, mimi nihamie kwa jirani yetu Mama Tabu hadi atakapoondoka, mchana nishinde humu jikoni mlango ukiwa umeegeshwa. Chakula kikiiva nakiweka kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, nakohoa, narudi jikoni, nafunga. Yeye anasubiri asikie mlango wangu umefungwa ndipo anatoka kukichukua. Hakuna atakayemwona mwenzake.

Mama Tabu, ambaye ni Msafwa na hana haya mdomoni, alinicheka sana. "Wewe na mkweo mmekuwa jua na mwezi," akasema. Lakini akanitandikia.

Leo asubuhi Asajile alikuja jikoni kabla hajaenda kazini. Jumamosi wanafanya kazi nusu siku.

"Mzee anataka ile mikate," akasema.

"Ipi?"

"Ile midogo uliyomtumia Krismasi. Anasema huko kijijini mpaka leo anawasimulia watu. Meno yenyewe hana, kande hawezi. Mpikie, Yustina."

Nilifurahi. Sitajifanya sikufurahi. Hawezi kuniona, hawezi kusema nami, lakini mikate yangu anaijua na ameiulizia. Nikaona leo ndiyo siku yangu ya kumwamkia kwa njia inayoruhusiwa.

Skonzi za haraka hazina mambo mengi. Unga vikombe vitatu tu, maana anayekula ni mzee, mimi naonja tu. Hamira nilizidisha kidogo, hiyo ndiyo inayofupisha kazi. Maziwa ya vuguvugu, ukichovya kidole usiungue wala usisikie baridi, sukari kidogo, chumvi, kijiko cha samli, yai moja. Nilikanda mpaka donge likaacha kunata mikononi. Mikate ya masista inaumuka mara mbili, hii mara moja tu, unakata vidonge papo hapo, unaviringa, unavipanga sufuriani vikigusana na vinaumukia humohumo. Kwa baridi ya Juni hapa kwetu unga unaweza kukaa ukikutazama tu. Nikaifunika sufuria kwa blanketi la mtoto nililolinunua mapema, ambalo Mama Tabu alinikataza kulinunua mapema, nikaiweka karibu na mafiga, nikawa naigeuzageuza upande.

Zikaumuka. Nikazipaka maziwa juu, nikatia makaa machache chini na mengi juu ya bati nililofunikia sufuria. Harufu ikatoka.

Ndipo nikasikia sauti yake kutoka kwenye kidirisha cha nyuma.

"We kuku," alisema. Tetea wetu alikuwa anapekua uani. "We kuku, mwambie mwenye jiko harufu hii itaniua kabla bwana mganga hajaniona."

Nilishtuka, halafu nikacheka peke yangu, mkono mdomoni. Nilikuwa nimesikia kwamba wazee wengine wanafanya hivyo, wanasema na mnyama au na ukuta ili neno lifike bila kuvunja kitu. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama mtu aliyetoka usingizini. Kiswahili chake ni kizuri, alikaa miaka mingi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi.

Nami nikasogea mlangoni bila kutokeza. "We kuku," nikasema, "mwambie mgeni makaa hayatumwi mbio."

Akacheka. Nilimsikia akicheka. Kwa muda ule mfupi sikuwa na hofu yoyote, nilikuwa mkamwana anayetaniwa na baba mkwe wake.

Zilipoiva nilipanga nne kwenye sahani, nikazifunika kitambaa, nikaweka na kikombe cha chai kizingitini. Nikakohoa. Nikarudi, nikafunga mlango. Nikasikia hatua zake, moja inaburuta. Nikasikia sahani inainuliwa. Baadaye kidogo akasema na kuku tena, "Ndaga fijo," ahsante sana kwa lugha yao, lakini ile fijo haikutoka vizuri, ilikuwa kama ina kitu ndani. Nikadhani ni mkate.

Kisha sahani ikavunjika.

Nikangoja aseme neno kwa kuku. Mtu akivunja sahani ya mwenyeji lazima aseme kitu. Hakusema. Nikaita mimi, "We kuku, mgeni ameumia?" Kimya. Nikaweka sikio ukutani, nikasikia pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu anayekoroma akiwa macho, yenye maji ndani yake.

Nilitoka uani nikaita Mama Tabu. Alikuwa ameenda sokoni, na mwanawe pia. Nikaita upande wa pili kwa jirani yetu fundi viatu, mlango umefungwa. Njiani hapakuwa na mtu, ukungu mtupu. Nikarudi mpaka kizingitini nikasimama pale, mkono mmoja kwenye mlango na mwingine tumboni. Niliwaza kukimbia mpaka barabarani. Niliwaza mama mkwe akiniinamia sikioni. Na muda wote ule pumzi ile inazidi kuwa na maji.

Niliingia.

Alikuwa chini, kando ya kiti, mgongo kwenye udongo, mkate umebaki nusu mkononi. Macho wazi. Yakanipata hapohapo mlangoni. Uso wake ni uso wa Asajile, pua ileile, masikio yaleyale, umekunjamana tu na umeota mvi. Sijui nilitarajia nini. Nilitarajia kitu cha kutisha na nikamkuta mume wangu mzee.

Na hapo nikafanya kosa ambalo naweza kulifanya mimi tu, mtoto wa Kalenga. Badala ya kujifunika, badala hata ya kumkimbilia kimya, magoti yangu yalishuka yenyewe, viganja vikakutana, na nikasema kwa sauti, nikimtazama:

"Kamwene, baba."

Mtu anasongwa na mkate, mimi namwamkia. Ndivyo nilivyolelewa. Humgusi mtu mzima kabla hujamwamkia. Siyo tu kwamba nimemwona, nimemsalimia usoni na kumwita. Mama mkwe hakunieleza adhabu ya hilo, nadhani hakuwahi kufikiria kwamba kuna mwanamke angeweza kulifanya.

Mdomo wake ukachezacheza. Upande mmoja ulikuwa umevutwa chini, mate yanatoka. Alisema kitu. Huenda aliniitikia. Mufindi alikoishi kila mtu anasema kamwene, neno analijua. Huenda alinifukuza, au alinitamkia laana, lile neno baya ambalo baba akilitamka halirudi. Nimelirudia kichwani mwangu mchana kutwa na kila mara linasikika vingine.

Nilimgeuza kichwa, nikaingiza kidole mdomoni mwake na kutoa mkate. Ulikuwa bado wa moto kidogo. Akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akavuta tena. Nikapitisha mikono chini ya makwapa yake nikamnyanyua. Ni mzee mkubwa, mfupa mtupu lakini mkubwa. Nilisikia kitu kinavutika kiunoni mwangu, chini, nikaendelea tu, nikamfikisha kitandani.

Nilipomlaza na kumfuta mate usoni, alikamata blanketi kwa mkono wa kulia na kulivuta mpaka likafunika uso wake wote.

Sijui kwa nini alifanya vile. Kama ni heshima, kunipa nafasi nitoke, au kama hakutaka kuniona tena. Nikaokota vipande vya sahani. Nikatoka, nikafunga mlango, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, na nikakaa humu jikoni. Skonzi zilizobaki zilikuwa zimepoa sufuriani. Sikuzigusa.

Asajile alirudi saa za kawaida za Jumamosi, anapiga mluzi. Nikamwambia kupitia mlangoni, "Ingia kwa mzee, nimesikia ameanguka." Nilisema nimesikia. Akakimbia ndani. Nikasikia wanaongea Kinyakyusa, mzee polepole sana, maneno mazito. Kisha Asajile akatoka, amepauka, lakini anajaribu kutabasamu.

"Ameanguka kweli," akasema. "Mdomo umepinda. Nimemuuliza nani amekulaza kitandani, anasema, niliinuka mwenyewe. Unamwona mzee wangu? Hali hiyo, na ameinuka mwenyewe!"

Nilipaswa kusema palepale. Nilifungua mdomo. Asajile akawa ameshageuka, anakimbilia gereji kuomba pikapu, na waliporudi walimbeba mzee wakamlaza nyuma juu ya godoro, mimi nikiwa nimejifungia jikoni, khanga kichwani. Kichekesho. Nilijifunika kwa ajili ya uso ambao nilikuwa nimeufuta mate.

Alinifichia. Hilo ndilo ninaloliona. Alikuwa na akili zake, alijua vizuri nani amemnyanyua, na akamdanganya mwanawe kwa sababu yangu. Ni wema mkubwa. Lakini wema wenyewe umenifungia mlango. Kama haikutokea, hakuna cha kusamehe. Kama hakuna cha kusamehe, hatasema lile neno mbele ya watu. Na kama hatasema, mtoto huyu anabaki kwenye hatari, na wa kumwokoa ni mgonjwa aliyelala hospitali akishikilia uongo wa kunisaidia.

Najua padri angesema nini. Nimejisomea mwenyewe maneno ya padri mchana wote. Yanakaa kichwani vizuri, lakini hayateremki.

Mama Tabu alipita kuomba kaa la moto, akaniangalia. "Mbona umekuwa rangi ya majivu?" Nikamwambia ni baridi. Akaniambia basi nilale, nisikande unga tena, mgonjwa hospitali atapewa uji. Sikulala. Nimekanda tena. Nikiwa nakanda siumwi sana, na nilitaka mzee akifumbua macho huko wodini akute kitu anachokijua. Pia, niseme ukweli, nilitaka kumtumia ujumbe. Kuku hakuna kule.

Nimezitoa. Ziko sawa, rangi nzuri, zimeachana bila kuchanika. Nimezifunga kitambaa cheupe. Jua limezama sasa hivi. Nimewasha kibatari.

Nasikia pikapu.

*

Nimerudi kwenye kalamu. Sikai tena kwenye kigoda, nimepiga magoti mbele ya kinu na kukifanya meza, hivi mgongo unanipa nafuu.

Asajile aliingia humu jikoni bila kuvua koti. Akakaa kwenye kigoda changu. Hakutazama mikate.

"Hasemi tena," akasema.

"Nani hasemi?"

"Mzee. Tangu tumfikishe. Bwana mganga amemwita, mimi nimemwita, macho anafungua, mkono wa kulia anatikisa, lakini ulimi umekufa. Bwana mganga anasema kuna wanaorudiwa na maneno na kuna wasiorudiwa." Akafuta uso kwa mkono wenye grisi. "Neno lake la mwisho limekuwa lile. Niliinuka mwenyewe. Nitawasimulia watoto wetu, Yustina. Babu yenu alianguka na aliinuka mwenyewe."

Alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia. Angeyabeba maneno yale maisha yake yote, angeyasema matangani, angemfundisha mtoto huyu kama angezaliwa. Na mimi ningekuwa nimekaa pembeni kila mara, natazama chini. Kama angezaliwa.

Nikasema.

"Hakuinuka mwenyewe."

Nilimweleza yote, mpaka kamwene. Hakunikatiza. Nilipomaliza kibatari kilikuwa kimeanza kutoa moshi, nikakipunguza.

"Ulimwona usoni," akasema.

"Nilimwona."

"Naye alikuona."

"Aliniona."

"Alikuitikia?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia mdomo ulicheza lakini sikulielewa neno. Akanitazama tumboni, haraka, kisha akaondoa macho, na mtazamo ule mfupi umeniumiza kuliko kama angenipiga. Asajile ni mtu wa mashine. Anacheka mambo ya wazee, anasema shetani wa gari ni petroli chafu. Nilitegemea anicheke. Nilitaka anicheke.

"Mama anakuja kesho na basi la kwanza," akasema mwishowe. "Atakaa naye kitandani. Usimwambie."

"Halafu?"

Akasimama, akanishika bega kidogo, mkono wake wa baridi. Akasema atanibebea maji kesho, nisijaribu kubeba. Akatoka. Nikasikia pikapu inawashwa, inakataa, inawashwa tena, inashuka kuelekea mjini. Mikate ameiacha hapa juu ya sinia. Sijui kama amesahau au ameogopa kuigusa.

Nimekaa nayo. Bado ina joto ukiweka kiganja juu ya kitambaa.

Maumivu yanakuja na kuondoka. Mwaka jana yalianza vivi hivi, kiunoni kwanza. Nimemnyanyua mtu mzima peke yangu, mwanamke yeyote mwenye mimba angeumwa baada ya kazi hiyo. Hivi ndivyo ninavyojiambia. Lakini sina namna ya kujua kama ni uzito wa mzee au ni uso wake.

Naweza kupanda basi kesho niende kwa mama. Kwa mama hakuna atakayeniuliza nimemwona nani. Nimeliwaza, nimelifikisha mpaka Nyololo kichwani, halafu nimelirudisha. Mzee yule alikuwa na neno moja tu lililobaki ulimini, na alilitumia kwa ajili yangu. Siwezi kumwacha kule na kimya chake.

Kwa hiyo hivi ndivyo nitakavyofanya. Asubuhi nitampasha habari Mama Tabu, anisindikize, maana peke yangu sifiki. Nitabeba mikate hii mwenyewe. Nitaingia wodini bila kujifunika, mama mkwe akiwepo, wagonjwa wote wakiona. Nitasema nilichofanya, mbele yake na mbele ya mkewe. Nitalowesha mkate kwenye maziwa na kumlisha kwa mkono wangu, kidogokidogo, asisongwe. Mkono wake wa kulia bado unatikisika. Mdomo ukishindwa, nitamwomba anishike kwa mkono huo, na mama mkwe aone, na anipokelee kama neno.

Na akilivuta tena lile blanketi usoni?